Mnakwenda kwa Nani?

Mtu wa Ufipa akitaka kuona maji makubwa, anashuka. Akielekea mashariki atashuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi Ziwa Rukwa. Akielekea magharibi atashuka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa Katandala, hapa Sumbawanga, tunaishi huku juu kwenye mita zaidi ya 1,700, na upepo wetu na baridi yetu, kwa hiyo kila safari ya maji tunailipia wakati wa kurudi. Babu zetu walilijua hilo. Ndiyo maana hawakushuka mpaka wawe na sababu: chumvi, samaki, mke au kesi.

Mpwa wangu hakuwa na hata moja kati ya hizo. Alikuwa na ratiba. Kurasa mbili, zimechapwa, zimepambwa kwa rangi ya kijani pembeni, na juu kabisa zimeandikwa: SAFARI YA MAJARIBIO, MLIMA, BONDE, MAPOROMOKO NA RAFTI. Aliniwekea mezani, akasubiri nimalize kusoma, ndipo akaanza kunieleza nilichokwisha kukisoma.

Chanzo cha yote ni Jinja, Uganda. Alikwenda huko kikazi, wenyeji wake wakampeleka Mto Nile kwenye mchezo wa rafti. Watu wanakaa juu ya boti ya mpira, wanavalishwa kofia ngumu na jaketi la kuokolea maisha, wanapewa makasia, kisha wanaachiwa washuke na maporomoko mpaka boti ipinduke. Kupinduka si ajali. Ni sehemu ya huduma, na kumeshalipiwa. Maporomoko yenyewe yamepangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza, ambalo ni kuloana, hadi la sita, ambapo wenye akili huteremka kwenye boti na kupita nchi kavu. Mpwa wangu alipinduliwa kwenye daraja la tano, akanywa kiasi fulani cha Nile, akarudi Sumbawanga akiwa mtu mwingine. Kabla ya hapo alikuwa anauza vifaa vya umeme wa jua. Sasa alikuwa na maono.

"Mjomba," aliniambia, "Uganda wanayazamisha maporomoko yao wenyewe."

Hilo ni kweli. Maporomoko ya Bujagali yalifunikwa na maji ya bwawa mwaka 2011, na mwaka uliofuata kikazinduliwa pale kituo cha umeme cha megawati 250. Mwaka 2019 likazinduliwa Bwawa la Isimba, chini zaidi, nalo likameza mengine. Watu wa rafti wamekuwa wakihama na kuufuata mto pale ulipobakiwa na hasira.

"Sisi tunayo Kalambo, na hakuna aliyeiwekea bwawa. Tunayo milima ya Mbizi. Tunayo Lyamba lya Mfipa. Tunayo maziwa mawili. Tunangoja nini, Mjomba?"

Nilitaka kumwambia tunangoja bei ya mahindi ipande, lakini alikuwa ameshafika ukurasa wa pili. Mimi ningekuwa mteja wa majaribio: mtu wa makamo, kitambi cha wastani, goti moja lenye historia. Nikipita mimi, alisema, atapita yeyote.

Tulikuwa wanne. Mpwa wangu, kiongozi wa msafara. Mimi, kipimo. Kijana mmoja rafiki yake kutoka Dar es Salaam, ambaye kila kitu alichovaa kilikuwa na zipu, hata suruali yake ilikuwa inakatika magotini na kugeuka bukta. Na shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, mfanyabiashara wa nafaka, ambaye hakualikwa. Alikuja nyumbani kudai gunia zake, akasikia neno "Muze," akauliza kambale mkavu anauzwaje huko siku hizi. Hakuna aliyemjibu. Asubuhi ya safari tulimkuta amekaa juu ya mzigo wetu na koti lake la baridi, anakunywa chai.

Tulianza na Mbizi, ile milima tunayoiona kutoka mjini kila tukitazama mashariki. Kilele kinapita mita 2,000, msitu wake ndio unaotunza vijito vya upande huu, na ndani yake wapo mbega wekundu ambao wataalamu husafiri kutoka mbali kuwatazama. Tulilipia kibali, tukapewa mzee wa kutuongoza, mtu mwembamba mwenye panga na yeboyebo za buluu. Alitukagua mmoja mmoja, akasimama kwa kijana wa Dar es Salaam na zipu zake, kisha akauliza swali ambalo lingetufuata safari nzima.

"Mnakwenda kwa nani?"

"Kileleni," alijibu mpwa wangu.

"Kileleni kwa nani?"

Mpwa wangu akaeleza habari ya utalii wa vituko, hewa safi, mazoezi na kujipima nafsi. Mzee alisikiliza kwa adabu yote. Alipomaliza, mzee akanigeukia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mvi, akanong'ona: "Mgonjwa ni yupi?"

Nikajaribu kukana. Lakini mtu akikuuliza kwa huruma namna ile, kila unachosema kinazidi kuthibitisha. Tangu hapo mzee alitembea polepole kwa ajili ya mgonjwa wetu, na baada ya saa moja ya kupanda nilianza kushukuru kimoyomoyo kwamba mgonjwa yupo. Viatu vyangu nilivinunua mtumbani, mabuti ya ngozi ya nchi fulani ya theluji, imara kabisa kwa kuyatazama. Cha kushoto kilianza kucheka kabla hatujaingia msituni. Tulipofika kwenye mawe kilikuwa kinacheka mpaka kisigino, na nikakifunga kwa kamba ya katani aliyoitoa mzee mfukoni mwake bila kuulizwa. Nadhani huitembeza kwa ajili ya watu wa aina yetu.

Mbega tuliwaona. Walikuwa juu ya miti, mikia inaning'inia, wanatafuna majani na kututazama chini. Kijana wa Dar es Salaam alitaka kuwapiga picha, akafungua zipu baada ya zipu akiitafuta kamera, na alipoipata walikuwa wameshaondoka, si kwa kuogopa bali kwa kuchoka kungoja.

Jioni ndipo tulipotoa hema. Niseme kwanza habari ya Juni huku juu. Upepo wa Ufipa wakati huo hauvumi kuzunguka mtu, unapita ndani yake. Jua likizama, kila mwenye akili yuko jikoni karibu na moto. Sisi tulikuwa ukingoni mwa msitu na mfuko mkubwa wa hema alilolikodi mpwa wangu mjini kwa mtu wa kukodisha vifaa vya sherehe. Tulipolikunjua, tuligundua kwamba mwenye mali alitupa kitambaa chote na kamba zote, ila nguzo zimebaki kwake. Lilikuwa turubai la harusi. Pembeni lilikuwa na utepe wa dhahabu.

Tulikata fito, tukafunga, likasimama. Upepo ukaja, likalala. Tukalisimamisha tena, likalalia upande wa shemeji. Yeye hakutoka. Alijifunika nalo vizuri, akasema hivyo hivyo ndivyo alivyotaka. Mwishowe wote tuliingia chini ya lile turubai lililolala, tukakoroma huko na utepe wetu wa dhahabu, wakati mzee wa yeboyebo alikuwa amekwisha kujijengea kibanda cha majani na kuwasha moto mdogo mlangoni.

Kabla ya kulala kulikuwa na suala la chakula. Kijana wa Dar es Salaam alikuwa amebeba chakula cha msafara wote, na alikibeba kutoka Dar es Salaam. Maharage ya kopo. Mkoa wa Rukwa unalima maharage mpaka yanasafirishwa kwenda huko huko alikotoka, na yeye aliyapandisha mlima yakiwa yamerudi kwa kopo. Kifungulio hakikuwepo. Yule mzee alifungua kopo la kwanza kwa panga, akaonja kidogo, akalirudisha mbele ya kijana kwa mikono miwili. "Hiki," akasema, "ni cha mgonjwa."

Kesho yake tulishika njia ya kushuka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze. Iko barabara, kutoka Ntendo, ambayo magari hupanda na kushuka kwa kona zinazoshtua, lakini ratiba ilisema tushuke kwa miguu, kwa njia za mkato wanazopita wenyeji. Kutoka ukingoni unaona bonde lote la Rukwa chini yako, rangi ya majivu, na ziwa limelala mbali huko. Ni karibu mita elfu moja za kushuka. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Ufipa mwaka 1880 akiwa na umri wa miaka 22, alilitazama ziwa hili akalibandika jina la Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Jina halikukaa. Lakini nilimwonea wivu kwa jambo moja: aliyemuuliza anakwenda kwa nani angeweza kuonyeshwa barua ya Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London, kilichomtuma. Sisi tulitumwa na mpwa wangu.

Kushuka si kazi ya mapafu, ni kazi ya magoti. Lile langu lenye historia lilianza kuisimulia. Nilishuka kinyumenyume sehemu moja, kwa makalio sehemu nyingine, na kwenye mteremko wa changarawe nilishuka bila kupanga, nikasimamishwa na kichaka. Hapo kwenye kichaka ndipo tulipokutana na wale akina mama.

Walikuwa wanapanda. Kila mmoja ana tenga la samaki kichwani, mmoja ana mtoto mgongoni juu ya hayo, na walikuwa wanaongea. Si kuhema, kuongea. Kulikuwa na habari ya mkopo wa kikundi na mtu fulani asiyerejesha, na habari hiyo haikukatika hata pale njia iliposimama wima. Waliponikuta kichakani walitua mizigo, wakanisalimu shikamoo, wakanivuta mkono mmoja mmoja. Mkubwa wao akauliza.

"Mnakwenda kwa nani, baba?"

"Hatuendi kwa mtu, mama. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Muze."

"Muze kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mna shamba huko?"

"Hapana."

Wakatazamana. Niliona wazi kwamba wanatafuta njia ya kutusaidia. Mmoja akauliza kama tumefukuzwa. Mpwa wangu akaja na ratiba yake, akawaeleza kwamba watu wa Ulaya na Marekani hulipa fedha nyingi kupanda na kushuka milima ya namna hii, wengine kwa dola. Mama mkubwa akaomba ile bei irudiwe. Ikarudiwa. Akaitazama njia yote aliyotoka, akaitazama iliyobaki, akajitwisha tenga lake. "Basi waambie waje," akasema. "Tutawabebesha." Wakaendelea na habari ya mkopo.

Nadhani huo ndio ulikuwa mpango wa biashara bora kuliko yote niliyoisikia safari nzima, na haukuwa kwenye ratiba.

Muze ni joto. Sisi tulishuka na masweta, na kila tulipolivua moja tulilazimika kulibeba, kwa hiyo tulifika kijijini tumejaza nguo mikononi na majasho usoni, kijana wa Dar es Salaam akitangulia na fimbo zake mbili za chuma zinazochoma ardhi kila hatua, na kifaa cha kusoma satelaiti kinaning'inia shingoni kinapiga mlio mdogo. Watoto walitukimbilia. Halafu watoto wakatukimbia. Muda si muda alikuja mwenyekiti wa kitongoji na wazee, wakakaa, wakatukalisha. Maji tulipewa, ukarimu haukukosekana, lakini nyuso zilikuwa za mkutano.

Ilichukua muda kuelewa. Fimbo zinazochoma ardhi, kifaa cha satelaiti, karatasi zilizochapwa, watu wasio na mwenyeji: sisi tulikuwa wapima ardhi. Tumekuja kuweka bikoni. Mzee mmoja alitaka kujua tangu mwanzo fidia itakuwa shilingi ngapi kwa mwembe. Mpwa wangu akajibu kwa maneno "eneo lina fursa kubwa," na hapo hata mimi nilitamani kumziba mdomo, maana hakuna sentensi mbaya kuliko hiyo kumwambia mtu mwenye shamba.

Aliyetuokoa ni shemeji. Alikuwa amekaa nyuma kimya, amevua viatu. Akainua mkono, akasema: "Wazee wangu, mimi nimekuja kununua kambale. Hawa wamenisindikiza."

Mkutano uliisha papo hapo. Kila mtu alicheka, mwenyekiti akamlaumu shemeji kwa kuchelewa kusema, na bei ikaanza kujadiliwa. Tulipewa pa kulala, tukaletewa magege wa mchuzi na wali wa bondeni, tukaelezwa ziwani tusiogelee kwa sababu ya mamba, na tukalala vizuri kiasi ambacho mbu waliruhusu. Ila sasa shemeji alikuwa amesema. Asubuhi ilibidi anunue, na alinunua kwa moyo: tenga kubwa la kambale wakavu, lililoshonwa mdomo kwa kamba. Tangu saa hiyo msafara wetu wa vituko ulikuwa na harufu.

Juu tulirudi kwa fuso la mpunga. Ratiba ilisema "kupanda kwa miguu," lakini kura zilipigwa, na lile tenga lilihesabiwa kuwa ni hoja.

Barabara ya kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga ni kilomita 112 za lami, na sina la kuchekesha juu yake. Ni barabara nzuri. Tatizo lilikuwa ndani ya gari, ambapo abiria wengine walifungua madirisha yote kwa baridi ile ya asubuhi na kututazama.

Tulichepuka kwenda Kapozwa, kwenye Maporomoko ya Kalambo. Hapa lazima ninyamazishe mzaha kidogo. Mto unakuja juu ya uwanda, mdogo tu, wa kawaida, mto ambao ungefulia nguo bila kuuwazia. Halafu ardhi inaisha. Maji yanadondoka mara moja, bila kugusa mwamba, mita 235 kwa hesabu iliyozoeleka kwetu, 221 kwa hesabu ya wengine, hadi korongoni ambako huyaoni tena, unaona moshi wa maji tu. Upande ule ni Zambia. Katika ncha za majabali wanaatamia kongoti, wale ndege wakubwa wenye vipara, na walimtazama shemeji na tenga lake kwa muda mrefu kuliko walivyotutazama sisi.

Mpwa wangu alisimama ukingoni na ratiba. Ilisema: "Kalambo: rafti." Upepo ulikuwa unaipeperusha karatasi.

"Unashukia wapi na boti?" nilimuuliza.

Hakujibu. Kijana wa Dar es Salaam, ambaye amesoma fizikia, alipiga hesabu kwenye simu. Kama boti itaondoka hapo juu na abiria wake, alisema, itafika chini baada ya sekunde saba hivi, na tofauti kati ya mita 221 na 235 haitawasumbua abiria. Daraja la ngapi hilo? Mpwa wangu akasema kwamba madaraja yanaishia la sita.

Iko ngazi ya kuteremka korongoni, imejengwa kwa ajili ya watalii, na tulishuka kiasi. Kiasi gani sisemi. Goti lilisema. Tulikaa kwenye kipumziko, na kijana akatusomea kutoka kwenye simu jambo ambalo bado linaniudhi. Juu kidogo ya maporomoko haya, upande wa Zambia, mahali ambapo mwanaakiolojia Desmond Clark alianza kuchimba miaka ya 1950, watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walitangaza mwaka 2023 kwamba wamepata magogo mawili yaliyochongwa na kupachikwa, moja juu ya jingine, kwa pengo lililokatwa makusudi. Umri wake ni angalau miaka 476,000. Yaani hata binadamu wa aina yetu alikuwa bado hajatokea. Watu hao, au sijui niwaiteje, walikuwa hawana panga, hawana kamba ya katani, hawana kurasa mbili za ratiba, na waliunganisha miti miwili ikakaa. Sisi wanne, wawili tukiwa na shahada, turubai la harusi lilitushinda.

"Lakini wao," shemeji aliuliza, "walikuwa wanakwenda kwa nani?"

Rafti ikahamishiwa Kasanga. Ratiba ilifanyiwa marekebisho kwa kalamu: tungekodi boti ya injini, tuambae ufuko kuelekea kusini hadi pale Mto Kalambo, baada ya yale yote, unapoingia Ziwa Tanganyika taratibu na kwa heshima. Hapo mpwa wangu angeweka majini tyubu ya trekta aliyoibeba tangu Katandala, na sisi tungekalia tyubu hiyo na kushuka na mkondo wa mwisho wa mto. Nahodha alisikiliza mpango huu akiwa anavuta injini. "Mkondo huo," alisema, "una mamba." Tyubu ikageuka kiti cha shemeji.

Nahodha aliuliza, bila shaka, tunakwenda kwa nani. Sasa tulikuwa tumejifunza. Wote wanne kwa pamoja tulimwonyesha tenga. Alicheka mpaka akaketi. Kupeleka samaki Kasanga! Ziwa hili linatoa migebuka na dagaa wa kulisha nusu ya nchi, na sisi tumeshusha kambale wa Rukwa kutoka mlimani kwa gari la abiria. Habari ilienea mwaloni kabla hatujaondoka.

Tuliondoka tumechelewa, na miezi hiyo ukichelewa, ziwa nalo huamka na upepo wa kusi. Mawimbi ya Tanganyika si ya kuchezea. Maji yale yana kina cha mita 1,470 sehemu ya ndani kabisa. Boti ilikuwa inapanda, inasimama, inafikiri, inashuka. Mpwa wangu mbele alikuwa anapiga kelele za furaha: "Daraja la tatu! Hili la tatu, Mjomba!" Mimi nilikuwa nachota maji kwa kopo, na nilipolitazama vizuri lilikuwa kopo la maharage. Kisha injini ikazima.

Kwenye ziwa hili injini zina historia ya kutia moyo. Meli ya MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaletwa hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha, baada ya kuipaka mafuta mazito injini zake ili zisioze. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Nilimsimulia nahodha habari hizi kumpa matumaini. Alisema yake haijapakwa mafuta.

Tulipiga kasia hadi mlangoni mwa mto, ambako boti ilipanda fungu la mchanga. Nahodha akasema tushuke tusukume. Nilivua suruali ili isiloane, maana ilikuwa na fedha na kitambulisho, nikamrushia shemeji ambaye hakushuka kwa kuwa alikuwa "analinda mzigo." Tukasukuma. Boti ikachomoka, ikaenda upande wake na suruali yangu, na mimi nikapanda ukingo ulio karibu nikiwa na shati na bukta. Kulikuwa na mama anaosha vyombo. Alinitazama kuanzia chini.

"Karibu Zambia," alisema.

Mpaka huu ulichorwa na Wajerumani na Waingereza mwaka 1890, na kwa ujumla mto ndio mpaka. Waliouchora hawakuloa. Mama yule hakuwa na haraka ya kumwita mtu yeyote. Ndugu zake nusu wako ng'ambo ya pili, alisema, na watu huvuka na kurudi. Ila alitaka kujua jambo moja, nami nililisikia likija kabla hajafungua mdomo. Nikiwa nchi ya kigeni, bila pasi na bila suruali, nilikuwa nimekosa kabisa jibu.

"Nimekuja na muuza samaki," nilimwambia.

"Samaki gani?"

Shemeji alisikia kutoka majini. Sauti yake ilivuka mpaka wa kimataifa bila kibali, ikitaja kambale, ikitaja Rukwa, ikitaja bei. Huku mgebuka ni chakula cha kila siku. Kambale mkavu wa bonde la Rukwa ni kitu kingine. Mama aliita jirani, jirani akaita dada yake. Tenga lilifunguliwa pale pale juu ya tyubu ya trekta, na mpaka suruali yangu inanifikia, nusu yake ilikuwa imeuzwa kwa kwacha. Iliyobaki iliisha jioni mwaloni Kasanga, kwa wale wale waliotucheka. Tyubu ilinunuliwa na watoto wa kuogelea, kwa mgebuka mmoja mkubwa.

Hesabu za safari zilifanywa Katandala mezani kwangu. Mpwa wangu amepata hasara ya turubai, kwa kuwa mwenye mali aliukuta utepe wa dhahabu haupo. Kijana wa Dar es Salaam aliondoka na picha nyingi za miti ambayo mbega walikuwa wametoka. Mimi nina goti lenye historia ndefu zaidi. Shemeji amepata faida, ya pili amepanga kuifuata mwezi ujao, na amemwajiri mpwa wangu kwa usafiri. Ratiba imechapwa upya. Mlima umebaki, bonde limebaki, Kalambo imebaki kwa kutazamwa. Rafti imefutwa, pembeni yake imeandikwa "Jinja."

Anayetaka kuja, aje, na sisemi kwa mzaha, maana Kalambo peke yake inalipa nauli ya kutoka popote. Njoo kati ya Juni na Oktoba njia zikiwa kavu, na sweta la huku juu na fulana ya bondeni. Kibali cha msitu ulipie mapema. Hesabu nguzo za hema kabla hujatoka mjini. Boti ikodi asubuhi na mapema, upepo ukiwa bado umelala, na jaketi la kuokolea maisha livae tangu nchi kavu. Na wakikuuliza unakwenda kwa nani, usiseme kileleni. Sema umekuja kununua samaki, halafu ununue.